Laini Tisa kwa Jina Langu

Bwana asifiwe! Hapana, hiyo amina ni ya wanakwaya peke yao. Nataka na ya hao wa mlangoni, mliokaa mguu nje mguu ndani ili mkimbie kabla ya matangazo. Bwana asifiwe sana!

Ndugu zangu, katekista amenipa dakika kumi, na anavyoipenda saa yake namjua. Kwa hiyo sizunguki. Mnanifahamu. Mimi ni Osmunda Ngonyani, yule wa magimbi na chai hapa hapa Bombambili, karibu na kijiwe cha bodaboda. Wengine wenu mliacha kula magimbi yangu mwaka jana, na sababu mnaijua. Leo nataka muisikie kwa mdomo wangu, maana mliyoisikia kijiweni ilikuwa nusu. Nusu ya pili nilikuwa nimeificha mimi mwenyewe.

Nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu kwa miaka sita. Na niseme ukweli mbele ya altare, nilikipenda kile cheo. Nilipenda kusimama baada ya rozari na kusema, "Wapendwa, nina tangazo." Nilipenda akina mama wanyamaze nikikohoa. Mtu akitaka kitu kwa akina mama wa mtaa ule, alipitia kwangu kwanza, nami nilijiona mlinzi wa geti.

Sasa mwaka ule, mahindi yalipokwisha kupukuchuliwa, tukaanza kuhangaika na mbolea ya ruzuku. Wakulima mnajua. Ili upate mbolea unatumiwa namba kwenye simu, na ili utumiwe namba, laini iwe yako kweli, imesajiliwa kwa kitambulisho chako na kidole chako. Wengi wetu tulikuwa tunatumia laini za waume, za watoto, nyingine hata za marehemu. Ndipo akaja bwana mmoja kwangu, mtu mzima mwenye adabu zake, amevaa fulana ya kampuni ya simu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, mkononi mwavuli wenye rangi za kampuni. Jina la kampuni naliacha, lipo kwenye karatasi mahali panapohusika. Akanisalimia vizuri mno. Akasema, "Mama mwenyekiti, nimeambiwa bila wewe hapa hakuna linalokwenda."

Ndugu zangu, nani alimwambia yule bwana ugonjwa wangu?

Nikampangia Jumamosi asubuhi, uani kwangu, baada ya sala ya jumuiya. Nikatangaza kwa sauti: kila mwenye shamba aje na kitambulisho. Walikuja akina mama kumi na saba. Wengine walitoka Mshangano kwa miguu kwa sababu walisikia kwa Osmunda ni salama. Nikawapanga foleni mwenyewe, wazee mbele.

Na hapo ndipo lilipo kosa letu, maana ni kosa la watu wenye vidole kama vyetu. Mtu wa ofisini akiweka kidole kwenye ile mashine ndogo, inasoma mara moja. Sisi tulikuwa tumetoka kupukuchua magunia kwa mikono. Vidole vilikuwa vimelika, mistari imebaki kama njia ya panya. Yule bwana akaweka kidole cha Bibi Blandina, mashine ikalia tii. Akatikisa kichwa. "Bibi, havisomi. Tuweke tena." Tii. "Weka tena, Bibi." Nikaona aibu kwa niaba ya vidole vyetu! Nikaleta beseni la maji na majivu, nikawa nawasugua wenzangu kidole kimoja kimoja kama sufuria zilizoungua, nikiwashika mkono na kuwakandamizia kwenye kioo mwenyewe. Wengine mara nne, wengine mara saba, na kidole changu mwenyewe niliacha kuhesabu. Kila mara tii. Tukadhani mashine inakataa. Kumbe ilikuwa inakubali.

Mchana yule bwana akafunga mwavuli wake. Kabla hajapanda pikipiki akanivuta pembeni, akanipa mfuko. Sukari kilo mbili, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. "Asante ya mama mwenyekiti," akasema. Sikuuliza asante ya nini. Niliingiza ule mfuko ndani kupitia mlango wa jikoni ili wenzangu wasiuone. Mtu anapopitisha sukari mlango wa nyuma, tayari moyo wake unajua jambo.

Mbolea tulipata. Niseme hilo pia, nisije nikaonekana nasema uongo. Laini zilifanya kazi, tukapanda, tukamsahau yule bwana.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nachochea moto chini ya magimbi, namwona mjumbe wetu anakuja na polisi wawili, na nyuma yao mama mmoja aliyejitanda ushungi mweusi, viatu vimejaa vumbi la safari. Yule mama hakunisalimia. Alinitazama akasema, "Wewe ndiye Osmunda Otmari Ngonyani?" Majina yote matatu! Hata marehemu mume wangu hakuwahi kuniita yote matatu.

Nikasema ndiye mimi. Akaanza kulia papo hapo, akanioneshea simu yake. Jina langu lilikuwa pale, mara tatu.

Mama huyu ni Bi Rukia, mkulima wa korosho kutoka Tunduru. Binti yake anasoma bweni huku Songea. Alipigiwa simu na mtu aliyejiita mwalimu, akaambiwa mtoto ameanguka, yuko hospitali, damu inahitajika, atume haraka kwa namba hii. Mama gani angesubiri? Alituma pesa yote ya korosho, kwa awamu tatu, na kila alipotuma simu ilimwambia imepokewa na Osmunda Otmari Ngonyani. Baadaye ndipo binti akapatikana, mzima, yupo darasani.

Walinipeleka kituoni, lakini sikulala ndani, Mungu aliniepushia. Katekista huyu huyu mwenye saa alikuja akanidhamini kabla ya jioni. Lakini simu yangu ilibaki polisi, na nikaambiwa niripoti kila Jumatatu. Mpelelezi akanionesha karatasi kwamba kwenye mtandao ule nina laini tisa. Tisa! Mimi ninayejua kupiga na kupokea tu! Namba iliyompigia Bi Rukia ilikuwa mojawapo, na iliyopokea pesa ilikuwa nyingine.

Mkaniacha, ndugu zangu. Silaumu. Nani anakula magimbi ya tapeli? Nikasikia mtoto anaambiwa asinunue kwangu. Nikajiuzulu uenyekiti kabla hawajanitoa. Nikafunga nguo zangu kwenye mfuko wa shangazi kaja, nikataka kwenda kwa kaka yangu Mbinga, nikakumbuka dhamana ya katekista, nikafungua tena.

Nilikwenda kwenye duka la ile kampuni mjini, lenye viti vya kuzunguka na hewa ya baridi. Binti wa dawatini alikuwa na heshima, alisema shikamoo. Akatazama kompyuta, akasema, "Mama, mfumo unaonesha umesajili mwenyewe, kwa kidole chako. Kidole hakidanganyi." Nikamweleza habari ya yule bwana na mwavuli. Akasema, "Huyo ni wakala, mama. Si mwajiriwa wetu. Anajitegemea." Nikamuuliza, "Na fulana anajitegemea nayo?" Akacheka kidogo, halafu akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nilirudi mara ya pili. Mara ya tatu mlinzi akanizuia mlangoni, akasema mama yetu, meneja ana kikao. Nikakaa kwenye ngazi hadi wakafunga. Meneja alitokea mlango mwingine.

Nilichokuwa nimekosa ni ushahidi. Nilikuwa peke yangu, na mtu mmoja akisema mashine ilisoma kidole changu mara nyingi, anaonekana mwongo. Njia ya kutoka niliijua. Niwaite wale akina mama kumi na saba, kila mmoja aangalie laini zake. Lakini nikiwaita, wataniuliza yule bwana alikujaje uani kwangu, na mimi nilipata nini. Basi nikanyamaza. Hicho ndicho kilichonifunga, ndugu zangu. Si polisi. Ni kilo mbili za sukari ambazo zilikwisha kunywewa zamani.

Jumatatu moja nimekwenda kuripoti, nikamkuta Bi Rukia kwenye benchi. Amepanda basi alfajiri kutoka Tunduru kufuatilia. Benchi ni moja, nikakaa pembeni. Kisha akaniambia, bila kunigeukia, "Mama, wallahi mimi sikuja kukufunga. Nikikufunga sipati kitu. Kama si wewe, nioneshe ni nani. Ukijua na ukanyamaza, basi ni wewe."

Nilirudi nyumbani nikajaribu kusali. Baba Yetu ilikwama kwenye "utusamehe makosa yetu." Sikuweza kuvuka pale. Nilirudia, nikakwama. Nikalia sana, nikasema, Bwana, nimeelewa, nitakwenda.

Alhamisi jumuiya ilikuwa kwa Bibi Blandina. Nilikuwa sijakanyaga kwa wiki nyingi. Nilipoingia wimbo ulipungua nguvu. Rozari ilipokwisha nikasimama, safari hii sikukohoa. Nikawaambia yote. Kwamba niliwapanga foleni, niliwasugua vidole, niliwakandamiza kwenye mashine ya mtu nisiyemjua, na nikalipwa kwa kazi hiyo ndoo na sukari.

Nikasubiri kutemewa mate. Bibi Blandina, na umri wake ule, akauliza, "Sukari kilo ngapi?"

"Mbili, Bibi."

"Na siku ile ulitupa chai kavu, ukasema sukari imeadimika!"

Mtu mmoja akacheka puani. Akafuata mwingine. Ndugu zangu, walicheka hadi kuku wakakimbia uani, na mimi nikacheka huku machozi yanashuka, na pale pale nikasikia kitu kizito kinatoka kifuani. Haleluya! Mnaomwomba Mungu aje na radi na moto, mwombeni, mimi kwangu alikuja kupitia mdomo wa Bibi Blandina asiye na meno ya mbele.

Mwalimu Gerold alikuwepo, yule wa shule ya msingi. Akasema kuna namba ya kuhakiki, unapiga kwa simu yako, inakuonesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Akapiga kwa simu ya kila mama. Yustina, nne. Mama Komba, tano. Bibi Blandina, saba. "Saba!" akasema. "Hii moja ikilia mimi naitupia mjukuu!" Hatukucheka tena. Tulitazamana. Kila mmoja wetu angeweza kuwa kwenye lile benchi, akisubiri mama wa Namtumbo au wa Mbeya aje kumwita majina matatu.

Tangu siku ile woga ukaniisha. Tulikwenda wote kumi na wanane polisi, tukaandikisha maelezo. Nikampigia Bi Rukia kwa simu ya mwalimu, nikamwambia, njoo, nakuonesha ni nani. Alipofika tukamtafuta dada mmoja msaidizi wa kisheria, anaitwa Imelda, asiyetoza wanyonge. Akatusikiliza, akasema mpelelezi amtafute wakala, hiyo ni kazi yake. Sisi tuandike kwa kampuni. Tudai watoe kumbukumbu za usajili wa laini zile zote: siku gani, saa ngapi, mashine ipi.

Kampuni haikujibu. Tukaandika tena. Tukaenda dukani, kumi na wanane pamoja na Bi Rukia, tukakaa kwenye vile viti vya kuzunguka, tukaanza rozari ya uchungu. Bi Rukia naye akatoa tasbihi yake, akawa anavuta uradi wake pembeni. Mlinzi alivua kofia! Tendo la tatu halijaisha, meneja alikuwa na nafasi.

Kumbukumbu zilipotoka, kwa kuwa polisi nao walizitaka, kila kitu kilikuwa wazi. Mashine moja. Asubuhi moja. Mtaa mmoja. Mimi peke yangu laini tisa ndani ya muda ambao gimbi halijaiva. Bibi wa miaka themanini na zaidi laini saba. Ndugu zangu, mashine ile ilikuwa inaongea na makao yao makuu kila ilipolia. Waliona! Kama si mtu, basi kompyuta yao iliona, na haikuuliza, bibi huyu laini saba za nini? Kwa nini iulize? Kila laini ni mteja mpya kwenye vitabu vyao, na wakala hulipwa kwa wingi wa laini.

Wakala hadi leo hajapatikana. Mpelelezi alinirudishia simu yangu, akaniambia mimi si mtuhumiwa tena, ni shahidi. Nilitoka pale nikapiga magoti barabarani, bodaboda wakanipigia honi. Mngefikiri ushuhuda umeishia hapo, eti? Hata mimi nilifikiri hivyo.

Kampuni ikamtuma bwana mwenye tai. Tulikutana kwenye ukumbi, akatununulia soda. Akasema kampuni inatuonea huruma. Itamrudishia Bi Rukia sehemu ya pesa yake, na kila mama atapata simu mpya. Tunachotakiwa ni kutia sahihi karatasi moja. Imelda akaisoma kwa sauti. Ilisema kosa ni la wakala peke yake, kampuni haihusiki, na sisi hatutalizungumza jambo hili mahali popote.

Nilimtazama Bi Rukia. Yeye ndiye aliyekuwa na njaa kuliko sisi wote. Binti yake alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Kama angesaini, nani angemlaumu? Mimi nisingethubutu. Aliishika ile karatasi muda mrefu, akauliza, "Bwana, hizo laini nyingine za mawakala wenu, za mitaa mingine, mmezifunga?" Yule bwana akasema hilo ni suala la ndani la kampuni. Bi Rukia akairudisha karatasi mezani. "Basi na mimi suala langu si la ndani. Nitalisema nje."

Alirudi Tunduru na mikono mitupu, na sisi tukarudi hatuna simu mpya. Nasema kwa uwazi, ilituuma. Wapo wenzetu wawili waliokasirika, bado wamekasirika, na wana haki yao.

Malalamiko yetu yamefika kwa wanaosimamia mambo ya simu, na Jumatano hii yanasikilizwa hapa Songea. Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye aibu. Nawashukuru akina mama walionisamehe, na ambao bado nawasubiri. Nakushukuru, Bi Rukia. Amekaa pale benchi la mwisho, ndugu zangu, msimgeukie wote kwa pamoja mkamtisha, hajazoea kanisa. Binti yake amerudi shule, akina mama wa jumuiya tuligawana hilo, na sitaki liongelewe zaidi.

Sasa nakualika wewe. Unayejua jambo na umelinyamazia kwa sababu na wewe ulionja kidogo. Mtegemee Mungu, ulitamke. Utaumia siku moja, na baada ya hapo utalala. Na wewe uliyewahi kuambiwa kidole chako hakisomi, uweke tena, hakiki laini zako leo kabla ya chakula cha mchana, halafu Jumatano saa mbili asubuhi uje. Njoo na kitambulisho chako, njoo na jembe ukipenda.

Nimeambiwa mwanasheria wa kampuni ameshajiandaa. Atasimama aulize kama kweli mama mwenyekiti alimkaribisha wakala, kama kweli alipanga foleni, kama kweli alipokea zawadi. Anataka nionekane mshirika wa wizi, na Imelda amenionya kwamba nikikiri, wanaweza hata kunigeuzia mashtaka. Nimelifikiria nikichochea moto wangu, nimelisalia. Sitamngoja aulize. Nitasimama mimi kwanza, nitaje sukari kilo mbili na ndoo yenye mfuniko, mbele ya wote, kama nilivyotaja kwenu.

Nikimaliza, nitawageukia wale mabwana wenye tai niwaulize: mimi nimesema nilichopokea. Na ninyi, kwa kila tii, mlipokea nini?

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Tuonane Jumatano.